Skoni za matunda na krimu: uanze na siagi, krimu au soda?

Ukiingia duka la mtaani Dar es Salaam ukaomba skonzi, utakabidhiwa vile vimkate laini vya hamira vya kuchovya kwenye chai. Sivyo ninavyovikusudia. Nakusudia skoni ya Waingereza: haina hamira, haisubiri kuumuka, huiva kwa robo saa, na ikitoka vizuri huwa na mpasuko ubavuni, unaivuta kwa vidole inaachana yenyewe bila kisu. Majina yamekaribiana mno, kwa hiyo humu nitaiita skoni, na skonzi tumwachie mwenye duka.

Juu yake huwekwa krimu na matunda ya msimu wa joto. Kwa Waingereza msimu huo ni Juni na Julai, stroberi zinapojaa sokoni. Pwani kwetu joto lenyewe ni la Desemba hadi Machi, na tunda lake ni embe. Hapo ndipo kazi inapobadilika: kitafunio kilichozaliwa kwenye jiko la baridi kinaletwa kwenye jiko ambalo siagi inayeyuka huku unaitazama.

Anayetafuta namna ya kupika skoni hukutana na njia tatu. Ya kwanza, kusugua siagi baridi kwenye unga. Ya pili, kumimina krimu badala ya siagi na maziwa. Ya tatu, kuchanganya krimu na soda, yaani ile ya kunywa ya chupa. Kila njia ina watu wake, na wanaitetea kama timu ya mpira. Nimezipika zote tatu, na ninachoona ni kwamba wengi wetu huanza kuchagua kwa tunda, wakati maswali yanayoamua ni mawili: jikoni kwako kuna joto kiasi gani, na skoni itakaa muda gani kati ya oveni na mdomo.

Tunapima nini

Nitazipitisha zote kwenye vipimo vitano vilevile. Duka: unahitaji nini na utakipata wapi. Mkono: kazi yenyewe inataka uzoefu kiasi gani. Joto: njia hiyo inavumiliaje jiko la digrii 30 na ushee. Kinywani: inatafunikaje. Kubeba: ikiwekewa krimu na matunda yanayotoa maji inasimama au inalegea, na kesho yake inakuwaje.

Yapo mambo ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote. Oveni iwe digrii 220 na iwe imeshapata moto kamili kabla hujagusa maji, kwa sababu bekingi pauda ikishalowa huanza kufanya kazi na haikusubiri. (Tuna mfamasia wa Birmingham wa kumshukuru, Alfred Bird, aliyeitengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akidhurika na hamira. Kabla ya hapo skoni za Uskoti zilikuwa bapa, zikiivia juu ya chuma kilichopashwa moto.) Kinyunya kiwe na unene wa sentimita 3, usikisukume kikawa kama cha chapati halafu ukashangaa hakikupanda. Kikatio kishuke wima na kipande wima. Ukikizungusha unaziba kingo, na skoni inapanda upande mmoja kama kofia iliyovaliwa haraka. Zipange zikaribiane, zikinge mbavu za wenzake. Dakika 12 hadi 15 zinatosha.

Skoni ya siagi

Duka. Unga wa ngano gramu 300, bekingi pauda vijiko vya chai 4, sukari gramu 50, chumvi kidogo, siagi gramu 75, maziwa kama mililita 150. Unapata skoni 8. Karibu vyote viko duka la kona, na siagi ni robo tu ya uzito wa unga, kwa hiyo mfuko hauumii sana. Blubandi inafanya kazi pia. Ila ni laini hata ikitoka kwenye friji, na ladha ya siagi utaikosa.

Mkono. Hapa ndipo penye mtihani. Siagi baridi iliyokatwa vipande inasuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole, unainua na kuachia, mpaka upate kitu kama mchanga wenye vikokoto vidogo. Kwa ncha za vidole, si viganja, maana kiganja ni pasi. Kisha maziwa yanaingia mara moja, unakusanya kwa kisu butu au mwiko, unakunja mara tatu nne, basi. Aliyezoea kukanda maandazi ndiye anayehangaika zaidi hapa, kwa sababu mikono yake inataka kuendelea. Ukikanda, unaujenga ule mvutano wa ngano tunaoupenda kwenye chapati, na skoni inakuwa ngumu.

Joto. Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na nitakaa hapa kidogo. Vile vikokoto vya siagi vina kazi. Vikifika kwenye oveni vikiwa bado vigumu, vinayeyuka humo ndani na kuacha nafasi, na maji yaliyomo kwenye siagi, ambayo ni takriban asilimia 16, yanageuka mvuke unaoinua kinyunya tabaka kwa tabaka. Vikiyeyuka mapema, juu ya meza, mafuta yanaupaka unga wote na hakuna tena cha kuinua. Siagi huyeyuka kwenye digrii 32 hadi 35, na kulegea inaanza mapema zaidi. Desemba moja wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja kwetu Kinondoni akataka kunifundisha. Oveni ilikuwa inawaka, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi. Kabla hajamaliza kusugua alinyanyua mkono, mafuta yanamchuruzika hadi kifundo, akasema, "Wifi, hii sasa ni supu." Tulioka hivyo hivyo. Zilitoka bapa, zinavunjika kama biskuti. Watoto walizipenda, yeye hakuzigusa.

Dawa ipo. Igandishe siagi usiku kucha, kisha uikwangue kwa kikwangulio cha karoti moja kwa moja ndani ya unga, na unga wenyewe uwe umekaa kwenye friji nusu saa na bakuli lake. Kwa namna hiyo husugui kabisa, unachanganya tu kwa uma. Nimeifanya hadi Februari ikakubali. Lakini umeme ukikatika usiku ule, mpango wote umekwenda.

Kinywani. Ina tabaka, ina ukoko unaolia kidogo, harufu ya siagi iko wazi. Kwangu mimi, kula bila kitu juu, hii iko mbele.

Kubeba. Ule ukoko ni kama sahani. Matunda yenye maji yanakaa juu muda mrefu kiasi bila skoni kulegea. Kesho yake inakuwa kavu, lakini ukiirudisha kwenye oveni dakika tano inafufuka.

Skoni ya krimu

Duka. Unga gramu 300, bekingi pauda vijiko vya chai 4, sukari gramu 50, chumvi, na krimu ya maziwa ya kupiga, yenye mafuta yapatayo asilimia 35, mililita 300 na tone. Siagi hakuna, maziwa hakuna. Kwa hiyo orodha ni fupi, ila krimu hiyo si ya duka la kona. Ni ya supamaketi, na bei yake unaijua. Cha kujifariji ni kwamba krimu ya kuweka juu ungeinunua hata hivyo.

Mkono. Unamimina, unakoroga kwa mwiko, unakusanya. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Kinachohitajika ni kuacha mapema: unga ukishashikana, weka mwiko chini.

Joto. Haijali sana. Mafuta yake yameshasambaa ndani ya maji ya krimu, hakuna vikokoto vya kulinda. Krimu itoke kwenye friji ikiwa baridi, mengine yatajipanga.

Kinywani. Laini, chembe zake ndogo, tajiri bila kuwa na mafuta mdomoni. Tabaka hazionekani. Anayependa ukoko ataona kuna kitu kimekosekana.

Kubeba. Inakunywa maji ya tunda, na kwa wengine hilo ndilo kusudi. Wamarekani wana kitindamlo chao cha stroberi ambapo skoni kama hii inapasuliwa, stroberi zilizolala kwenye sukari zinamwagiwa katikati na maji yake yote, krimu inafuata, na inaliwa kwa kijiko. Hapo ukoko mgumu ungekuwa kero. Kesho yake bado ni laini, hata bila oveni.

Skoni ya soda

Hii tuliletewa na Waaustralia, na jina lake limewaponza wengi. Wao wakisema "lemonade" wanakusudia soda nyeupe yenye ladha ya ndimu, kama Sprite. Nimeona mtu akikamua malimau kikombe kizima akamimina kwenye unga. Zikatoka chachu, na bekingi pauda ilikuwa imemaliza nguvu ndani ya bakuli.

Duka. Unga gramu 450, bekingi pauda vijiko vya chai 6, chumvi, krimu mililita 250 na soda mililita 250. Sukari usiongeze, iliyomo kwenye soda inatosha. Unapata skoni 12 hadi 14, kwa hiyo krimu kidogo inalisha watu wengi. Kwa mlioko Kenya, ukinunua ule unga unaouzwa ukiwa umeshatiwa bekingi pauda kiwandani, usiongeze nyingine.

Mkono. Ni rahisi kuchanganya, ngumu kushika. Kinyunya kinanata kama gundi. Kishawishi ni kutupia unga zaidi ndani ya bakuli, usifanye hivyo. Unga uwe mezani na mikononi, kinyunya chenyewe kiachwe kilowane.

Joto. Haina shida. Soda na krimu ziwe baridi tu. Mapovu ya soda yanasaidia kidogo mwanzoni. Kazi kubwa ya kupandisha bado ni ya bekingi pauda.

Kinywani. Nyepesi, ya kisponji, utamu wa mbali wa ndimu. Kusema kweli imekaribiana na skonzi ya dukani kuliko na ile ya wifi. Sisemi kwa kuidharau, watoto wa kwetu huimaliza kwanza.

Kubeba. Ukoko wake ni mwembamba, maji ya tunda yanaingia upesi. Ipambwe mezani, mbele ya mlaji. Ikilala inakauka na oveni haiisaidii sana, hivyo oka utakazokula.

Juu yake: krimu gani?

Krimu ya maziwa iliyopigwa ndiyo yenye ladha, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Bakuli na mchapo viwekwe kwenye friza robo saa kabla. Krimu ya chini ya asilimia 30 ya mafuta usijisumbue kuipiga, haitasimama. Kwenye joto ina muda wake: saa mbili nje ya friji ni mwisho, na hewa ikizidi digrii 32, saa moja. Hilo si la ladha, ni la tumbo.

Krimu ya mafuta ya mimea, ile ya boksi au ya unga wa pakiti inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, inasimama imara hata mchana wa jua. Utamu wake ni mwingi na inaacha utando mdomoni. Kwa sherehe ya watu mia sitamlaumu anayeichagua.

Kasimile ya nazi inanivutia kila mara na imeniangusha kila mara ya pili. Tui la kwanza, zito, ukililaza kwenye friji mafuta yake yanaganda juu. Unayakusanya, unayapiga na sukari kidogo, na kwa embe hakuna mwenzake. Shida ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye digrii 24. Kwa hesabu hiyo, Dar ya Januari ni oveni kwake. Lushoto au Limuru, jioni, hapo sawa.

Mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha ndani ya friji ni wa mwenye bajeti na asiyependa sukari. Uchachu wake unamfaa embe aliyeiva sana.

Ipo pia krimu nzito ya Devon na Cornwall, mikoa miwili jirani ya Uingereza, inayopatikana kwa kupasha krimu taratibu kwenye sinia za kina kifupi na kuiacha ipoe mpaka utando wa dhahabu ukae juu. Ile ya Cornwall ina jina linalolindwa kisheria tangu 1998 na sharti la mafuta yasiyopungua asilimia 55. Ukiwa Uingereza huna haja ya kupiga kitu. Ugomvi wao unajulikana: Devon hutanguliza krimu kisha jamu, Cornwall jamu kisha krimu. Kwa matunda mabichi naona ugomvi huo una maana zaidi kuliko kwa jamu. Krimu ikitangulia, mafuta yake yanazuia maji ya tunda yasiingie kwenye skoni. Tunda likitangulia, skoni inalowa. Skoni ya soda, kwa hiyo, ifuate Devon. Ya siagi inamudu zote mbili.

Na tunda?

Stroberi zikate, nyunyizia kijiko kimoja cha sukari, ziache nusu saa zitoe maji. Maji hayo ndiyo mchuzi wako.

Embe liwe limeiva lakini bado linakatika vipande vyenye pembe. Lenye nyuzi liache kwa juisi. Peke yake ni tamu mno juu ya krimu, hivyo mimi humwagia pasheni moja na mbegu zake. Embe halitoi maji mengi kama stroberi, kwa hiyo ndilo linalosamehe zaidi ukichelewa kupakua.

Nanasi bichi na krimu ya maziwa haviivani. Lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na baada ya muda krimu inakuwa chungu. Papai nalo lina chake cha aina hiyo. Ukilitaka nanasi, lichemshe na sukari dakika chache kwanza, moto unakiua, kisha lipoe kabisa.

Kwa hali yako

Unapika Dar, Mombasa au Muscat, kiyoyozi hakuna, na hujawahi kuoka skoni: anza na ya krimu. Itakupa moyo. Ya siagi utaijaribu wiki ambayo friza imekuwa ya kuaminika.

Unaishi Nairobi, Arusha au Lushoto, au uko London na madirisha yamefungwa kwa baridi: ya siagi inakufaa, joto halitakusumbua. Stroberi za Limuru juu yake na krimu ya maziwa.

Mnaandaa hafla ya shule, watu wengi, bajeti moja: soda. Oka asubuhi ileile, beba skoni, krimu na matunda katika vyombo vitatu tofauti, na pambeni hapo hapo. Mimi nilizipamba arobaini nyumbani nikazipakia kwenye gari. Tulipofika zilikuwa zimelala ubavu, stroberi zote ziko kwenye kona moja ya trei.

Unataka kuoka leo ule kesho: siagi ukipenda ukoko na una oveni ya kupashia, krimu ukipenda laini.

Mzee nyumbani anabana sukari: ya siagi, sukari ipunguze hadi nusu, mtindi badala ya krimu. Ya soda huwezi kumpunguzia, sukari imeshaingia.

Huna oveni: palia makaa. Sufuria zito lipashwe kwanza, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama unavyooka mkate wa kumimina. Hapa nachagua ya siagi iliyokatwa nyembamba zaidi, sentimita 2, kwa sababu kinyunya cha soda kinalowana mno na kitashika chini kabla juu hakujaiva. Funua baada ya dakika kumi, si kabla.

Na mgeni akitoka Uingereza, muulize ni wa Devon au wa Cornwall kabla hujashika kijiko cha krimu. Wifi yangu ni wa Tanga, lakini amekaa kule miaka mingi, na sasa krimu ikiwa juu ya tunda anaisogeza pembeni kwa kisu, kimya kimya, akidhani simwoni.